Boti ya faiba imeota malengelenge chini, fundi anataka kupiga puti tu. Nimkubalie?

boti_mtwapa: Habari zenu ndugu zangu, naomba msaada. Nina boti ya faiba futi 26 ya kupeleka wageni kuona pomboo, niliinunua mkononi mwa mtu na imeshinda majini miaka mitatu, kuipandisha kwangu ni siku mbili tu, nakwangua napiga antifauling (rangi ya kuzuia viumbe vya bahari kushika chini) narudisha. Juzi nimeipandisha nikakuta chini kumejaa malengelenge, mengine kama punje ya choroko mengine kama sarafu ya shilingi 20. Fundi anasema ni hewa tu, atapiga puti ya gari na rangi, Jumamosi irudi kazini. Roho yangu haitulii.

fundi_faiba_kilifi: Usikubali kaka. Kwanza toboa matatu manne uone, lakini vaa miwani maana maji ya ndani ya lengelenge yana presha yanaweza kukurukia jichoni. Ukikuta ni rangi tu imeachia na jelikoti (lile gamba la nje la faiba lililo chini ya rangi) ni nzima, hapo una bahati, kwangua upake upya. Yakitoka maji yanayoteleza kama mafuta na yananuka siki, basi ni jelikoti yenyewe.

boti_mtwapa: Nimetoboa saa hii. Siki kabisa, na vidole vinateleza.

fundi_faiba_kilifi: Basi ndiyo hayo. Jelikoti haizuii maji kabisa, yanapenya pole pole mwaka baada ya mwaka, ndani yanakutana na mabaki ya resini (ile gundi inayoshikanisha faiba) ambayo hayakushika vizuri siku boti inatengenezwa, yanayayeyusha, na ule mchanganyiko unavuta maji mengine toka nje mpaka gamba linavimba. Bahari yetu ni ya joto kwa hiyo huenda haraka zaidi. Boti haizami kesho, usiogope, ila ukiziba na puti ya gari umefungia maji ndani, na puti yenyewe inanyonya maji, mwaka ujao yanarudi.

Fungua yote kwa grainda mpaka ufike faiba ngumu nzima, vaa maski. Halafu osha kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, ikiwezekana ya moto, rudia siku nyingi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaanika tu, kumbe ile siki na yale mafuta hayaondoki kwa jua, yanaondoka kwa kuoshwa.

nahodha_wa_shimoni: Naongezea kwenye kukausha maana mimi iliniuma. Msimu wa wageni ukiisha ndiyo masika inaingia, kila mtu anapandisha boti Aprili na hewa imejaa unyevu, haikauki hata mwezi. Weka chini ya paa, upepo upite pande zote. Kujua kama imekauka, bandika nailoni inayoonyesha ndani, ukubwa wa sahani, ziba kingo zote na tepu, iache siku nzima ya jua. Ukiona matone ndani bado. Mimi nilisubiri karibu miezi mitatu, wateja wakaenda kwingine, iliniuma lakini ile boti mpaka leo haijaota tena.

fundi_faiba_kilifi: Kweli mzee wangu. Ikikauka jaza mashimo kwa epoksi (resini isiyopitisha maji kirahisi) iliyokorezwa na poda yake, siyo poliesta, ile resini ya kawaida ya puti ya gari. Na hadena ya epoksi (dawa ya kuigandisha) usimimine kwa macho kama tulivyozoea, ukizidisha haishiki haraka, inabaki laini tu, pima kama kopo linavyosema. Ikishika ukiona utando wa mafuta juu osha na maji na uisugue kabla ya msasa. Kisha paka epoksi ya kuzuia maji koti tano au sita, ifike kama robo milimita, na antifauling ya kwanza ipige koti la mwisho likiwa bado linanata kidogo kwa kidole.

boti_mtwapa: Asanteni sana. Fundi nimemwambia Jumamosi haipo. Natafuta banda la makuti la kukodi, mwenye nafasi Mtwapa au Kikambala anijulishe.