Madaktari, mnawawekea watoto wetu shanti, ule mpira wa kutoa maji kwenye ubongo, halafu mnaturuhusu bila kutuambia kwamba inaziba!

Wakuu, jina la hospitali sitalitaja. Wazazi niliokutana nao kliniki walitibiwa sehemu tofauti kabisa na wote wanasimulia hayohayo, kwa hiyo msinilazimishe kutaja jina.

Mwanangu alizaliwa na mgongo wazi. Kichwa kikaanza kukua kwa kasi, tukaambiwa maji yamejaa kwenye ubongo, akawekewa shanti. Upasuaji wenyewe sina neno nao. Kwa wasioijua, shanti ni mpira mwembamba unaoingizwa kwenye vyumba vya maji ndani ya ubongo. Una valvu yake, yaani kilango cha kudhibiti maji, chini ya ngozi ya kichwa, kisha unashuka shingoni na kifuani mpaka tumboni, na maji yaliyozidi yananyonywa huko. Wengi wanaowekewa wanaishi nayo maisha yao yote.

Sasa siku ya kuruhusiwa niliambiwa nini? Dawa, tarehe ya kurudi kutoa nyuzi, na "Mama, kidonda kisiguswe na maji." Basi! Hakuna aliyetamka neno kuziba.

Na wanajua. Kila daktari wa upasuaji wa ubongo anajua kwamba kwa watoto wadogo, shanti kama tatu au nne katika kila kumi huharibika ndani ya mwaka wa kwanza tu, na hizo ni takwimu za nchi zenye vifaa vyote. Inaziba kwa uchafu na tishu. Inaingia bakteria, mara nyingi wale wa kwenye ngozi walioingia siku ileile ya upasuaji, na maambukizi mengi hujitokeza miezi ya mwanzo. Mpira unaachia kwenye maungio, au unakatika, au mtoto anarefuka ukawa mfupi. Wakati mwingine unatoa maji kupita kiasi, utosi ukabonyea na damu ikavuja juu ya ubongo. Kuna watoto, wachache lakini wapo, ambao ncha ya tumboni ilitoboa utumbo na mpira ukatokeza kwenye njia ya haja kubwa. Fikiria mama wa kijijini anaona mpira unatoka kwa mwanawe na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba linaweza kutokea. Atakimbilia wapi kama si kwa mganga? Halafu tunaambiwa wazazi washirikina.

Mwanangu alianza kutapika na kulala kupita kawaida, akiamshwa analia kwa sauti kali. Zahanati: malaria. Kipimo kikasema hana, ikawa UTI. Nikasema jamani huyu ana shanti. Nesi akaniuliza, "Shanti ndiyo nini, mama?" Simlaumu yule dada, naye hakufundishwa. Hospitali ya wilaya wakamtundikia dripu, degedege ilipoanza wakatibu degedege. Utosi umevimba na kukaza, macho yanaangalia chini muda wote, na hakuna hata mmoja aliyeweka mkono juu ya kichwa. Tulipofika rufaa, daktari alipapasa utosi, akatazama macho, akasema imeziba, aende chumba cha upasuaji. Alitumia dakika chache tu, kwa mkono wake, kabla hata ya CT skani.

Mwanangu alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Sasa hivi hakai.

Tena msiniambie eti sisi nchi maskini. Pale Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, Dkt. Benjamin Warf alianza tangu mwaka 2001 kutumia njia nyingine: wanaingiza kamera nyembamba kwenye ubongo, wanatoboa njia mpya ya maji kupita na kuunguza tishu zinazoyatengeneza. Sababu yake kubwa ilikuwa hiihii ninayoililia, kwamba mtoto anayetegemea shanti akiwa mbali na hospitali, ikiziba anakufa. Utafiti uliofanyika hukohuko kwa watoto 100 na kuchapishwa mwaka 2017 haukuona tofauti kubwa ya ukuaji wa akili baada ya miezi 12 kati ya waliofanyiwa hivyo na waliowekewa shanti. Haimfai kila mtoto, na nayo hushindwa. Lakini mimi sikuambiwa hata kwamba ipo.

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Karatasi moja ya Kiswahili siku ya kuruhusiwa, yenye dalili zote: kutapika, usingizi usio wa kawaida, utosi kuvimba, macho kushuka, homa, degedege, wekundu au uvimbe kwenye njia ya mpira. Namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku. Na muhuri mwekundu kwenye kadi ya kliniki kwamba huyu ana shanti, ili yeyote wa zahanati akimwona anatapika aitilie shaka shanti kwanza na kumpa rufaa siku hiyohiyo.

Wazazi wenye watoto wa shanti, mkiona dalili hizo msikubali kurudishwa nyumbani na panadol. Gomeni, pigeni kelele, ombeni rufaa.

Na madaktari mliomo humu, msipite kimya kwenye uzi huu. Mnaposaini karatasi ya kumruhusu mtoto mwenye shanti, mzazi wake mnamwambia nini? Jibuni hapa, wazazi wasome.