Kifua kinabana nikiwa kazini kwenye mtambo wa biogesi, nifanyeje?

Mtoto wa Ujiji
Wakuu habari za jioni. Mi nipo hapa Kigoma nafanya kibarua kwenye mtambo wa biogesi wa kiwanda, tunapokea samadi na makapi ya mawese tunayapiga chepe kuingiza kwenye tangi la kuchanganyia, tangu nianze nakohoa kifua kinabana, na siku tukihamisha yale makapi makavu yenye ukungu basi usiku napata homa natetemeka asubuhi imeisha. Nikiwa ofu napumua vizuri kabisa. Supavaiza anasema ni harufu tu nitazoea, na kweli siku hizi ile ya mayai viza kuna muda siisikii. Barakoa tunapewa zile za korona. Nina familia, niache kazi?

Fundi Bomba
Mdogo wangu hapo kwenye siisikii ndo pamenishtua. Hiyo harufu ya mayai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ikiwa kidogo pua inainasa haraka ila ikifika kama ppm 100 (yaani sehemu 100 kwenye sehemu milioni za hewa) pua inakufa ganzi unadhani hewa imekuwa safi kumbe ndo imezidi, ikipanda 500 kwenda 1000 mtu anadondoka palepale. Ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo na matangi, na tope likikorogwa ndo inafumuka. Usiingie tangini hata kama wamelimwaga lote, na mwenzako akianguka humo usimfuate hivihivi, ita watu wenye mitungi ya hewa, wengi wamekufa wakienda kuokoa. Barakoa ya korona haizuii gesi hata kidogo. Daini kile kipima gesi cha kuvaa kifuani, kinapiga alamu

Nesi wa Kasulu
Pole kaka. Hilo la kupata nafuu ukiwa ofu mwambie daktari hivyohivyo, usiishie kusema nakohoa. Homa inayokuja masaa kadhaa baada ya kushika vitu vyenye ukungu mara nyingi ni mapafu yanapambana na vumbi la fangasi, na ukiendelea kulivuta miaka yanaweza kupata makovu yasiyopona. Kikohozi kikizidi wiki mbili pima na TB pia. Nenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Kigoma, wakupige picha ya kifua. Kwa vumbi tumia N95, ile barakoa inayochuja vumbi laini, ila kwa gesi haisaidii

Mwanga Kwetu
Vifaa vya kujikinga mwajiri anatakiwa akupe bure, sheria ya usalama kazini ya 2003 inasema hivyo, akigoma nendeni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Ugonjwa wa kazini unafidiwa na WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, tunza vyeti vyote vya hospitali

Mtoto wa Ujiji
Asanteni sana. Kesho naingia Maweni, tangini sishuki tena