Naomba ushauri: kuunganisha duka na stoo, nivute faiba au nifunge antena?

Wakuu habari za saa hizi. Nina duka la vipuri Kariakoo, ndani kuna kompyuta nne na printa, zote zimechomekwa kwenye swichi moja (kile kiboksi cha kuunganisha waya za mtandao), hiyo ndo LAN yangu, yaani mtandao wa ndani ya eneo moja, na inapiga kazi vizuri, hata intaneti ikikata mauzo yanaendelea tu. Sasa nimechukua stoo jengo la nyuma, waya ukizungushwa unafika kama mita 150 na Cat6 (waya wa kawaida wa shaba wa mtandao) mwisho wake mita 100, fundi mmoja anasema tuvute faiba (waya wa kioo unaopitisha data kwa mwanga) mwingine anasema tufunge antena mbili zitazamane juu ya paa. Mi roho inanituma faiba maana huku maghorofa yanaota kila siku, likisimama jengo katikati antena si zinapofuka?

Tawi la Morogoro najua hiyo ni WAN, yaani mtandao wa masafa marefu, lazima nipite kwa kampuni ya mtandao, ila hesabu nataka zipite kwenye VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) zisiwe wazi wazi.

Na duka na stoo zikishaungana bado ni LAN moja au inakuwa MAN, yaani mtandao wa ukubwa wa mji? Aliyewahi kufunga kitu kama hiki anisaidie jamani, vifaa nanunua wiki hii.