Nauli ya ndege kwenda kupanda meli imepanda: tutokee KIA, Nairobi au Dar?

Mama Kibosho (Moshi), Jumatatu saa 2:40 asubuhi

Habari za asubuhi ndugu zangu. Naomba ushauri, nimekwama. Mwanangu wa pili yuko Ujerumani, ametulipia mimi na baba yake safari ya meli ya kitalii, siku saba, kwa ajili ya miaka 40 ya ndoa yetu. Meli amelipa yote. Sisi tukasema nauli ya ndege tutajitegemea, asibebe mzigo wote peke yake. Mwezi wa kumi na moja wakala alinitajia 2,300,000 kwa mtu mmoja kutokea KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), kwenda na kurudi. Nikangoja malipo ya kahawa. Juzi nimerudi kwake ananiambia 3,200,000! Kwa watu wawili hiyo ni 1,800,000 imeongezeka nikiwa nimekaa tu. Jirani anasema Nairobi ni 2,100,000. Shemeji yangu anasema twende tukapandie Dar. Nichukue ipi? Na nikisubiri, bei inaweza kushuka?

Mpita Njia, saa 2:58

Uzi hauna nyama mama. Meli inaanzia bandari gani? Tarehe ngapi? Ngoja wajuvi waje, ila bila hayo hakuna wa kukusaidia.

Dada wa Njiro (Arusha), saa 3:15

Hongera sana mama kwa miaka 40, Mungu azidi kuwatunza. Naongezea maswali: viza mnazo? Meli inaondoka saa ngapi? Bei uliyopewa ina begi la kupakia chini au la mkononi tu? Hilo la begi watu hawaulizi, halafu wanakuja kulipishwa uwanjani.

Mama Kibosho, saa 4:30

Samahani, nilikuwa natoa maziwa. Meli inaanzia Barcelona, Jumamosi tarehe 13 Juni, saa 12 jioni, inapita Marseille, Genova na Naples kisha inarudi Barcelona. Viza bado. Begi sijauliza. Baba yake ana kisukari na goti linamsumbua, hawezi kutembea sana.

Wakala wa Mianzini (Arusha), saa 5:05

Shikamoo mama. Mimi nakata tiketi miaka mingi, nikueleze kwa nini bei imeruka.

Ndege moja haina bei moja. Viti vimegawanywa mafungu, fungu la bei ya chini lina viti vichache, vikiisha unahamishiwa fungu la juu yake. Ile 2,300,000 ilikuwa fungu la chini na limeisha. Pili, wewe unaondoka Juni, na Juni ndipo msimu unapofunguka. Wageni wa mlima na wa Serengeti wanaanza kujaa, na kila mgeni anayeshuka KIA ana kiti chake cha kurudi. Hicho kiti cha kurudi Ulaya ndicho unachokigombania wewe. Tatu, nauli za nje hupangwa kwa dola au yuro, shilingi ikiyumba nawe unayumba. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,600, wateja wangu wengine waliahirisha safari kabisa. Ongeza mafuta ya ndege na tozo za viwanja.

Kushuka? Kwa Juni nisingekudanganya. Badilisha siku ya kuondoka, Jumanne au Jumatano huwa nafuu kuliko Ijumaa. Ulizia njia zote tatu, kupitia Doha, Istanbul na Amsterdam, zote zinatoka KIA.

Chalii wa Ngarenaro (Arusha), saa 5:20

Nairobi mama, usipoteze muda. Hapo kuna 1,100,000 kwa kila kichwa, nyinyi wawili ni 2,200,000 mnabaki nayo. Nairobi mashirika ni mengi, yanagombania abiria, ndiyo maana bei iko chini. Unatoka Moshi asubuhi, Namanga mchana, jioni uko Nairobi. Ukitoa nauli ya basi na chumba cha usiku mmoja bado una hela nzuri. Mimi kila safari ya nje naanzia kule na sijawahi kujuta.

Mzee wa Machame, saa 7:48 mchana

Mama Kibosho, nisome mpaka mwisho kabla hujamsikiliza huyu kijana.

Mwaka 2018, mwezi wa kumi na mbili, mimi na mke wangu tulikuwa tukapande meli Durban. Nilikuwa na hesabu hiyohiyo ya Chalii. Nikanunua tiketi ya kwanza Nairobi mpaka Johannesburg, na ya pili, mbali kabisa, Johannesburg mpaka Durban, kwa sababu kila moja peke yake ilikuwa rahisi. Ndege ya usiku, tungefika Johannesburg alfajiri, saa 4 asubuhi tuko Durban, meli inaondoka jioni. Kwenye karatasi ilikaa vizuri sana.

Tukatoka Moshi saa 12 asubuhi kwa basi dogo. Namanga tukakaa karibu masaa matatu, karatasi za gari zilikuwa na tatizo na dereva hakutuambia ukweli. Tukavuka. Kitengela mvua ikaanza, Mlolongo malori yamejipanga, hayasogei. Mke wangu alikuwa ameshika saa yangu mkononi, kila baada ya dakika ananionyesha, haongei. Tumefika kaunta, binti akasema imefungwa dakika ishirini zilizopita. Ndege iko pale nje tunaiona.

Tukanunua tiketi nyingine ya kesho yake asubuhi kwa bei ya dirishani, karibu mara mbili. Ile ya pili ya kwenda Durban ikawa imekufa, maana kwa shirika lile sisi ni abiria ambao hawakutokea, halikuhusika na mambo ya Nairobi. Na tiketi ya kurudi nayo ikafutwa kwa sababu hatukutumia ya kwenda. Hilo sikulijua mpaka siku ya kurudi. Tumeingia Durban siku ya pili jioni. Dereva wa teksi akatupitisha barabara ya ufukweni, akanyoosha kidole: meli ile pale, taa zimewaka ghorofa zote, inatoka. Ilikuwa imechelewa kung'oa nanga kwa sababu ya upepo, na bado hatukuipata. Mke wangu alikuwa ameshona vitenge viwili kwa ajili ya chakula cha usiku cha meli. Vikarudi Machame havijakunjuliwa.

Utasema tungeikimbilia kituo cha mbele. Kituo cha mbele kilikuwa ufukwe wa Msumbiji, hakuna uwanja wa ndege wala bandari, abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Hela ya meli haikurudi hata senti.

Tokea KIA. Tiketi moja, mzigo upakiwe mara moja. Ndege ikichelewa, ni juu yao kukufikisha.

Chalii wa Ngarenaro, saa 8:10

Pole sana mzee, shikamoo. Ila kilichowaumiza si Nairobi. Kilichowaumiza ni kusafiri siku hiyohiyo na tiketi mbili zisizojuana. Ungelala Nairobi usiku mmoja usingekuwa na kisa cha kusimulia. Usimtishe mama na 2,200,000 yake.

Mzee wa Machame, saa 8:25

Marahaba. Kijana, wewe huna goti bovu na huna sindano ya sukari ya kuweka baridi. Kutoka KIA mpaka kwake Kibosho ni mwendo wa saa moja. Tofauti hiyo nayo ina thamani yake.

Baharia wa Pasua (Moshi), saa 10:02 jioni

Mimi nimefanya kazi kwenye meli za namna hiyo mikataba minne, jikoni. Niseme ninachokijua.

Meli ya saa 12 jioni haimaanishi ufike saa 12. Orodha ya abiria hufungwa saa moja au zaidi kabla, ngazi inatolewa, basi. Haiwezi kukusubiri kwa sababu rubani wa bandari ameshapangiwa saa na gati linahitajiwa na meli nyingine. Nimeona watu wanalia gatini na mabegi yao. Kwa hiyo iwe KIA, Nairobi au Dar, fika Barcelona Alhamisi, au Ijumaa asubuhi kwa kuchelewa sana. Gharama ya hoteli ya usiku huo ihesabu kama sehemu ya nauli ya ndege.

Barcelona angalau imewapendelea, uwanja wa ndege na bandari viko karibu. Wangewapangia Civitavecchia, ile wanayoiita bandari ya Roma, mngekuwa na safari nyingine ndefu ya treni au gari.

Muulize kijana wako jambo moja: kampuni nyingi za meli huuza na tiketi za ndege. Huwa ghali kidogo, lakini ndege waliyokukatia wao ikichelewa, wanahangaika wao kukufikisha kwenye meli. Ulizia kama wanakata kuanzia KIA.

Na dawa za mzee zisiingie begi la chini hata siku moja. Mkononi, pamoja na barua ya daktari. Kiti cha magurudumu mwombe wakala akiandike kwenye tiketi mapema, hakilipiwi. Kule Doha na Amsterdam mwendo wa kutoka ndege moja hadi nyingine si wa goti bovu.

Mama Kibosho, saa 12:20 jioni

Asanteni sana. Mzee wa Machame nimesoma, nimeumia na vile vitenge. Sasa nilipe tiketi kesho kabla haijapanda tena?

Dada wa Njiro, saa 12:31

HAPANA mama. Viza kwanza. Ubalozi wenyewe unashauri usilipie tiketi isiyorudishwa kabla ya viza. Wanachotaka kuona ni nafasi iliyoshikiliwa kwa jina lako, si tiketi iliyolipwa. Safari yenu inaanzia na kuishia Hispania, peleka maombi ubalozi wa Hispania, Dar. Ada ni yuro 90 kwa mtu, ilikuwa 80 mpaka Juni 2024, na hairudi hata wakikunyima. Bima ya safari isiwe chini ya yuro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla, lakini usithubutu kungoja huko mwisho. Halafu hakikisha meli haigusi Tunisia au nchi nyingine nje ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ikigusa, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo unatoka na huwezi kurudi.

Wakala wa Mianzini, saa 1:04 usiku

Dada yuko sahihi kwa viza, lakini tuangalie na upande wa pili. Akingoja viza mpaka Aprili au Mei, hiyo 3,200,000 inaweza kuwa 3,800,000. Kuna tiketi zinazorudishwa kwa makato, bei yake iko juu kidogo. Mimi ningemkatia hiyo leo. Viza ikitoka, amefunga bei. Ikikataliwa, anakatwa sehemu, hapotezi yote.

Dada wa Njiro, saa 1:12

Makato kiasi gani? Akate tiketi huku akijua. Mimi nilirudishiwa yangu baada ya miezi mitano, na ilikuwa tiketi "inayorudishwa".

Wakala wa Mianzini, saa 1:20

Ndiyo maana nasema masharti ayasome kabla ya kulipa, yameandikwa. Asikubali wakala yeyote amwambie kwa mdomo, hata mimi.

Kahawa Chungu, saa 1:45

Mimi nashangaa kwa nini mnang'ang'ania Ulaya. Wangewapeleka Durban, Mtanzania haombi viza Afrika Kusini, siku 90 unaingia na pasipoti yako tu. Hiyo peke yake inapunguza gharama. Halafu huo uwanja wa KIA wa Arusha bei zake zimekuwa juu siku zote, hata za ndani. Jaribu kukata Dar–KIA wiki ya Krismasi uone.

Mzee wa Machame, saa 1:52

KIA si ya Arusha. KIA iko wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Arusha mna uwanja wenu Kisongo.

Chalii wa Ngarenaro, saa 1:58

Mzee hapo umenigusa. Watalii wanaoijaza KIA wanakwenda wapi? Ngorongoro, Manyara, Tarangire. Wote wanapita Arusha.

Mzee wa Machame, saa 2:06

Na mlima wanaupandia wapi? Jina la uwanja linasema lenyewe. Tangu 1971 unaitwa Kilimanjaro.

Mpita Njia, saa 2:15

Jamani mama wa watu anataka kusafiri. Mama, na ile ya Dar vipi?

Baharia wa Pasua, saa 2:40

Dar ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Moshi. Kwa basi ni siku nzima, na treni ya huku kwetu si ile ya umeme ya Dodoma. Ukishuka umechoka kabla hata ya kuingia ndegeni. Dar aende kwa ajili ya viza tu, hilo halikwepeki.

Mama Kibosho, Jumatano saa 6:10 mchana

Habari za mchana. Nimeongea na mwanangu. Kampuni ya meli haikati ndege kuanzia KIA, inakata kuanzia Ulaya tu. Anasema yeye anaona Nairobi, tukalale kwa binamu yake Athi River siku mbili. Baba yake anasema KIA au haendi. Wamebishana kwenye simu mpaka nikaikata.

Halafu nimefungua pasipoti. Ya mzee inaisha Oktoba mwaka huu. Hilo sikuwa nimeliangalia kabisa.

Dada wa Njiro, saa 6:22

Mama! Hilo ndilo lilitakiwa liwe la kwanza. Schengen wanataka iwe hai miezi mitatu baada ya kutoka kwao, kwa hiyo Oktoba inapita. Lakini kampuni nyingi za meli zinataka miezi sita. Soma karatasi ya meli leo. Na ukibadilisha pasipoti, tiketi ibebe namba mpya.

Baharia wa Pasua, saa 6:30

Abadilishe tu, 150,000 ya pasipoti mpya ni ndogo kuliko kurudishwa gatini. Aanze nayo kabla ya miadi ya ubalozi.

Mama Kibosho, Alhamisi saa 5:15 asubuhi

Tuko Uhamiaji hapa Moshi, tumeshajaza fomu, wanataka nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na kiko Kibosho, ndani ya sanduku la kanga zangu. Kijana wa nyumbani ameshapanda bodaboda kwenda kukichukua. Wakala naye amenipigia, KIA leo ni 3,260,000.

Chalii wa Ngarenaro, saa 5:21

Nairobi bado 2,100,000 mama. Nimeangalia sasa hivi, tarehe 10 Juni, na begi la kilo 23 limo.