Ndege ya mafunzo kuacha njia baada ya kugusa lami katika upepo wa ubavuni

Swali

Katika chuo ninachosomea urubani, Cessna 172 iliyokuwa ikirushwa na mwanafunzi aliye peke yake iliacha njia ya kurukia wakati wa kutua. Upepo ulivuma kutoka kushoto, nyuzi 40 kutoka uelekeo wa njia, kwa kasi ya noti 18, na mara kwa mara ukipanda hadi noti 24. Tuliokuwa tukitazama tuliona magurudumu makuu yakigusa lami vizuri, kwenye mstari wa katikati. Punde bawa la kushoto likainuka, pua ikageukia kushoto na ndege ikaingia nyasini, ambako mguu wa mbele ulivunjika na propela ikapiga ardhi. Rubani hakuumia. Kitabu cha ndege kinataja noti 15 za upepo wa ubavuni. Je, tatizo lilianzia wapi?

Jibu la kwanza

Bila kuona ripoti ya uchunguzi siwezi kumhukumu rubani, lakini dalili ulizoeleza ni za usukani kurudishwa katikati mapema mno. Magurudumu yakishagusa lami, wanafunzi wengi hulegeza mikono, ilhali huo ndio wakati wa kuuzungusha usukani zaidi upande unakotoka upepo, hadi mwisho wake, kwa sababu kadiri mwendo unavyopungua ndivyo eleroni (vibao vya ukingo wa nyuma wa mabawa, vinavyoendeshwa na usukani kulaza ndege upande) zinavyopoteza nguvu. Usipofanya hivyo, upepo huinua bawa la upande wake, gurudumu la upande huo hupungukiwa na uzito, na mkia mpana husukumwa hadi pua ielekee upepo unakotoka. Miguu nayo iendelee kufanya kazi kwenye pedali, zinazogeuza pua kushoto au kulia, mpaka ndege itembee polepole kabisa.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu hesabu. Kwa nyuzi 40, sehemu ya upepo inayopiga ubavuni ni kama asilimia 64, kwa hiyo noti 18 hutoa takriban 12, na noti 24 hutoa zaidi kidogo ya 15. Aliyesoma wastani peke yake aliona nafasi ya kutosha, wakati mvumo mmoja mkali wa upepo ulitosha kuimaliza. Isitoshe, noti 15 ni kiwango kilichothibitishwa wakati wa majaribio ya ndege hiyo. Kwa mwanafunzi, kikomo ni kile alichoandikiwa na mkufunzi wake, ambacho aghalabu huwa chini zaidi.

Muulizaji

Ahsanteni. Je, pua ilipoanza kugeuka, angeongeza nguvu na kuruka tena?

Jibu la tatu

Kama bado alikuwa na mwendo, mstari wa katikati na njia ya kutosha mbele yake, ndiyo. Pua ikishageuka, nasita kushauri hivyo: katika ndege hii, nguvu kamili ya injini kwenye mwendo mdogo huvuta pua kushoto, kulekule ilikokuwa ikienda, na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua) zikiwa zimeteremshwa zote ndege hupanda kwa shida. Uamuzi wa kuzunguka upya, yaani kuacha kutua na kupaa tena, huwa rahisi kabla ya kugusa, pale unapokanyaga pedali ya kulia hadi mwisho na pua bado haijanyooka na njia.