Wiki nne kwenye kituo cha vijana wenye ulemavu wa akili, Kisumu: nijiandae vipi?

mwakawapili_ksm

Hamjambo wote. Nasomea stashahada ya uuguzi, mwaka wa pili. Mwezi ujao napelekwa wiki nne kwenye kituo cha kutwa hapa Kisumu chenye watoto na vijana wenye ulemavu wa akili. Baadhi wana kupooza kwa ubongo (cerebral palsy), wengine wana usonji, na kadhaa wana kifafa. Darasani tulifundishwa majina ya hali hizi na visababishi vyake, kazi yenyewe ya mikono hatukuifikia. Naomba wanaoifahamu wanisaidie: siku za kwanza nianze na nini? Mtu asiyemeza vizuri analishwaje? Na asiyeongea nitajuaje kwamba anaumwa? Pia nasikia Uingereza uuguzi wa watu hawa ni taaluma kamili, ni kweli?

sista_nakuru

Karibu sana, mdogo wangu. Siku mbili za kwanza usikimbilie taratibu za kusainiwa. Jua kwanza kila mmoja akiwa mzima anakuwaje: anakula kiasi gani, anapenda kukaa wapi, mlio upi ni wa furaha na upi ni wa kukereka, choo anapata mara ngapi kwa wiki. Mengi ya haya hayamo kwenye faili. Anayajua mama yake, na mlezi anayemvalisha kila siku. Yaandike kwenye ukurasa mmoja na uubandike mwanzoni mwa faili, ili akipelekwa hospitalini usiku, atakayempokea aanzie hapo. Uliza na maneno ya nyumbani. Mtoto aliyelelewa kwa Kijaluo au Kiluhya huenda anaelewa maneno machache tu, ya maji, choo, njoo, uchungu, na yote ni ya lugha ya mama. Yajifunze.

Kuhusu maumivu, jibu la kuogopa ni "ndivyo alivyo". Kijana mtulivu akianza ghafla kujipiga shavu, kuna kitu. Chukua tochi uanzie mdomoni: jino lililotoboka, fizi zilizovimba (fenitoini, dawa ya kifafa, huvimbisha fizi). Kisha sikio, kisha tumbo. Kufunga choo husahaulika mno, na sababu zake ziko wazi: hatembei, hanywi maji ya kutosha na joto la Kisumu unalijua, na baadhi ya dawa hukausha choo. Ukiona majimaji yanavuja kwenye nepi, usiseme moja kwa moja kwamba anahara. Huenda yanapita kando ya choo kigumu kilichoziba, na dawa ya kuzuia kuhara itamzidishia. Mwite sista ampapase tumbo kwanza.

Kuna kipimo cha maumivu kiitwacho FLACC, na kimerekebishwa kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Unatazama uso, miguu, mwili unavyojongea, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 10, na mzazi huongeza dalili za mtoto wake. Pima siku ametulia, upime tena siku unapomshuku, ulinganishe.

tibakazi_kakamega

Nijibu la kulisha, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi anaweza kumdhuru mtu bila kujua. Chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia, na wengine hupaliwa bila hata kukohoa.

Mkao kwanza. Makalio yafike nyuma kabisa ya kiti, magoti yakunjwe, nyayo zikanyage kitu. Zikining'inia weka kreti chini yake. Kichwa kikae katikati, kidevu kiiname kidogo. Wewe keti kwenye kigoda, macho yenu yalingane. Ukimlisha umesimama atainua uso kukutazama, shingo irudi nyuma, na njia ya hewa ibaki wazi wakati chakula kinashuka. Kosa hili ni la kila siku, nalo linarekebishwa na kigoda tu.

Tumia kijiko kidogo kisicho na kina, cha plastiki isiyovunjika ikiwa huuma kijiko. Kijaze nusu. Kilete kutoka chini akione, kiweke katikati ya ulimi, bonyeza kidogo, ngoja midomo ifunge, kisha kitoe kikiwa kimenyooka. Usikwangulie chakula kwenye meno ya juu, maana hilo pia humrudisha kichwa nyuma. Tazama koo lipande na kushuka ndipo ulete kingine. Mlo ukifika dakika 30 au 40, simama. Aliyechoka ndiye hupaliwa. Afadhali kidogo mara tano kwa siku.

Maji ndiyo magumu kwa wengi, kwa kuwa yanafika kooni kabla misuli haijajiandaa. Uji usio na madonge, unaodondoka polepole kwenye kijiko, huwa rahisi zaidi. Kibaya ni mchanganyiko: githeri yenye mchuzi, ugali ulioloweshwa supu. Mchuzi unatangulia, punje zinabaki nyuma. Ponda vyote viwe kitu kimoja. Ila uzito wa chakula huamuliwa na aliyempima kumeza, usiubadilishe kwa kukisia. Sauti ikiwa ya majimaji kama anayesukutua, macho yakilenga machozi, au pumzi ikienda mbio, acha hapo hapo na umwite sista. Akimaliza kula akae wima nusu saa, asilazwe.

mwakawapili_ksm

Asanteni sana. Dawa za kifafa nazo, nizisage niweke kwenye uji?

muuguzi_bungoma

Usisage kabla ya kumuuliza mfamasia. Kabamazepini ya kutoka polepole ikisagwa, dozi iliyokusudiwa kuenea saa nyingi inaingia kwa mara moja. Uliza kama ipo ya maji, na chupa itikiswe vizuri. Usiimwage kwenye bakuli zima pia: akiacha nusu, hutajua amepata kiasi gani. Weka kwenye kijiko kimoja cha mwanzo. Na dozi zisikatike, kifafa hurudi kwa nguvu dawa inapoachwa ghafla.

Akianguka kifafa, tazama saa kabla ya lolote. Ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, usimbane, usitie chochote mdomoni. Ikipita dakika 5 ni dharura. Kwa mtoto, diazepamu (dawa ya kukatisha kifafa) ya njia ya haja kubwa ni 0.5 mg kwa kilo, kwa hiyo wa kilo 20 hupata 10 mg, chini ya macho ya muuguzi aliyesajiliwa na pumzi ikiangaliwa. Apimwe sukari. Na akiwa na joto, apimwe malaria hata kama kifafa chake kinajulikana miaka yote.

mkufunzi_kliniki

Ni kweli kuhusu Uingereza. Uuguzi wao una matawi manne: watu wazima, watoto, afya ya akili, na ulemavu wa kujifunza (ndivyo wanavyouita ulemavu wa akili), na masomo ni saa 4600, nusu darasani na nusu kazini. Kwetu maarifa haya yako ndani ya afya ya akili, watoto na jamii, ndiyo maana wiki nne zako ni za thamani.

Niongeze la kuandika. "Alikuwa mkali" halimsaidii mtu. Chora safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mfano: 10:10 kengele ililia; aliziba masikio, akapiga meza kwa kiganja mara sita; alitolewa nje, 10:13 akatulia. Safu ya kwanza ikijaa kengele, tatizo ni kengele. Tumia saa 24, kwa sababu "saa nne" ya mlezi inaweza kuwa asubuhi au usiku.

Viatu vifunike vidole, kucha ziwe fupi, hereni zibaki nyumbani, kitambulisho kiwe cha pini, si cha kamba shingoni. Logibuku, daftari lako la taratibu ulizofanya, isainiwe siku ile ile.

Kabla ya kupima presha, jifunge wewe kitambaa cha mashine akiona, kisha mfunge mlezi, kisha mpe kile kitambaa akishike. Akikataa, andika amekataa na ujaribu tena baada ya chai. Ukipima huku ameshikwa na watu watatu, utasoma woga wake, na huenda akaandikiwa dawa asiyoihitaji.