Tupeane uzoefu: Yaliyokukuta ulipokwenda kuwasilisha mada katika chuo kikuu cha ufundi

Mwanzisha mada, Ngamiani

Ndugu zangu wa Tanga, wapo vijana wetu wanaojiandaa kuwasilisha mada kwa mara ya kwanza, nami nimeona tuliotangulia tuwasimulie yaliyotukuta. Naomba tujikite kwenye makongamano yanayofanyika katika vyuo vya ufundi, kwa kuwa huko, tofauti na kumbi za hoteli, karakana iko hatua chache kutoka ukumbini, na aghalabu ndimo mada ya mtu inamopimwa.

Naanza na yangu. Ikisiri yangu, yaani muhtasari wa mada, kuhusu vigae vya kuezekea vya saruji vilivyochanganywa na singa za mkonge ilikubaliwa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor. Kwa sisi wa Tanga, ukishavuka mpaka wa Horohoro, Mombasa ni karibu kuliko Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza kama taasisi ya kuwafundisha ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kikawa politekniki mwaka 1972, na mwaka 2013 kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili, kwa hiyo sikushangaa kuwaona mafundi sanifu wameketi safu moja na maprofesa.

Nilipewa dakika 15. Kwa ule ushabiki wetu wa mkonge, nilitumia dakika 9 nzima kueleza jinsi Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alivyouingiza nchini mwetu mwaka 1893, na jinsi miche 62 tu ilivyosalimika kati ya 1,000, kisha nikaongeza kwamba singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani na kwamba mengine yote hutoka kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, yakiwa taka. Mwenyekiti wa kikao aliponyanyua karatasi ya dakika mbili, nilikuwa bado sijafika kwenye matokeo, nikayapitisha mbio mbio kama anayekimbizwa na mvua.

Wakati wa chai alinifuata fundi mmoja mtu mzima, kikombe mkononi, akaniuliza kigae changu kilipimwa kikiwa na umri gani. Nilimjibu kwamba kilikuwa na siku 28, kama inavyopimwa zege. Hakunibishia, alinichukua hadi karakana, akatoa chini ya meza kipande cha kigae cha zamani, akakivunja, akachomoa usinga kwa kucha mbili na kuukunja. Ulikatika kama njiti ya kiberiti. Alinifafanulia kwamba saruji ina alkali kali, nayo, pakiwa na unyevu, huila ile gundi inayoshikilia nyuzi, hivyo kigae kinachoonekana imara mwezi wa kwanza kinaweza kupoteza nguvu zake baada ya masika chache. Akanishauri nipunguze sehemu ya saruji na badala yake nitie majivu ya pumba za mpunga yaliyosagwa vizuri ili ukali huo upungue. Katika miezi minane ya kazi yangu, swali hilo lilikuwa halijanipitia kichwani.

Mhandisi, Chumbageni

Langu ni fupi. Nilihudhuria kongamano la siku tatu hasa kwa ajili ya alama za kujiendeleza kitaaluma, nikaondoka siku ya tatu asubuhi kuwahi basi, na orodha ya mahudhurio ya mchana ndiyo iliyotumika kutoa vyeti. Siwalaumu waandaaji, maana tangazo lilikuwa mlangoni tangu siku ya kwanza.

Mwalimu, Muheza

Shikamoo, mwanzisha mada. Mimi nilikwenda na bango, nikalikunja ndani ya bomba la plastiki la inchi tatu ambalo utingo alilitupa juu ya keria. Mvua ilinyesha njia nzima, na kifuniko cha upande mmoja nilikuwa nimekifunga kwa gundi ya karatasi, kwa hiyo mnaweza kukisia nilichokibandika ukutani. Nilinunua karatasi za manila nikaliandika upya kwa mkono, na kwa haraka niliyokuwa nayo nikaliandika kwa Kiswahili. Mabango yaliyochapwa kwa Kiingereza yalitazamwa na kupitwa. Kwenye langu watu walisimama kusoma, hata wahudumu wa chai, na waliouliza waliuliza kwa undani. Tangu hapo nabeba mawili.

Mwanafunzi, Makorora

Shikamooni nyote. Nimepokea barua pepe inayosema ikisiri yangu imekubaliwa saa nne tu baada ya kuituma, na natakiwa kulipa ada kabla ya kesho. Je, hilo ni jambo la kawaida?

Mwanzisha mada, Ngamiani

Marahaba, kijana wangu, nawe mwalimu pia. Usilipe kwanza. Ikisiri inayosomwa na wahakiki huchukua wiki kadhaa na hurudi na maoni, hata kama ni mistari miwili. Ipigie simu idara ya chuo kinachotajwa kwa namba iliyo kwenye tovuti ya chuo chenyewe, si ile iliyo kwenye barua, uulize kama wanalifahamu kongamano hilo na kama wanafunzi wana ada yao.

Na kwa atakayeuliza kuhusu vigae: nilivifyatua tena, vingine vyenye majivu na vingine bila majivu, nikaezekea banda la mbuzi la mjomba wangu kule Pongwe. Masika iliyopita nilipanda ngazi kuvitazama. Visivyo na majivu, viwili vimepasuka.